Ngojeni Mzee Arudi

Umbilo, Durban
Jumamosi, nguo zikiwa kambani

Papa wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na Maman aliye karibu nawe nampigia magoti. Goti lako la kushoto linasemaje mvua ikinyesha? Na chumvi, bado Maman anakuficha kopo, na wewe bado unajua linapofichwa? Mimi ni mzima, nakula, nacheka ovyo barabarani mpaka watu wananigeukia. Niko nje, Papa. Hukumu imefutwa! Nilitoka gerezani Jumanne, na leo nimeketi mezani kwa Mama Furaha, kalamu mkononi, chai ya maziwa pembeni.

Simu yangu hupokei, najua kwa nini. Nakumbuka neno lako la mwisho: "Hakimu mmoja na wazee wawili, hao ni watu watatu. Wote watatu wamekosea, wewe peke yako ndiye msema kweli?" Kisha, nami nikiwa bado nasikia, ukamwambia Maman kwamba jina la Faustin lisitajwe tena nyumbani, hata kwenye sala. Sikukasirika. Hapana, nisikudanganye, nilikasirika siku tatu. Halafu nikajiambia, mzee huyu ameketi kwenye baraza la chifu tangu sijazaliwa, anawaamini waamuzi kama fundi anavyoamini kamba yake ya kupimia. Basi leo nakuletea kesi yenyewe uiamue. Usiniamini kwa sababu ni mwanao. Sikiliza tu mpaka mwisho.

Unajua nilikuwa nahesabu mizigo kwenye ghala moja kule Clairwood, malori ya bandarini yanakoingia na kutoka kutwa. Jumapili moja matairi kumi na nane mapya yakaondoka. Mlinzi wa geti akasema aliniona kwa macho yake nikifungua ghala saa nne asubuhi. Saa nne, Papa, siku ya Jumapili! Saa hiyo nilikuwa kanisani napiga ngoma ya kwaya, na unavyojua ninavyopiga ngoma, hata viziwi wa Umbilo wangekuwa mashahidi wangu. Shahidi aliyekubali kwenda mahakamani ni Mama Furaha, Mrundi, muuza vitenge, mwimbaji wa kwaya yetu. Kila Jumapili anasimama mbele ya ngoma yangu na kunigeukia kunikemea nikizidisha. Jumapili hiyo alinikemea mara nne.

Sasa sikia walivyoketi. Kwenye mahakama ile hakimu aliketi na wazee wawili wa kumsaidia kupima ushahidi, kama ninyi kwa chifu, ila hawa wanavaa tai. Wa kushoto alikuwa mwembamba, anaandika kila kitu. Wa kulia alikuwa mnene, simu yake inatetemeka mezani kila dakika. Mkalimani wangu alikuwa Mtanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi, ananiita "ndugu mshtakiwa" kwa heshima mpaka unasahau kuwa unashtakiwa.

Siku mlinzi alipotoa ushahidi, yule mzee wa kulia alichelewa kufika. Alipoingia, hakimu akamwamuru mlinzi arudie yote tangu mwanzo ili mzee naye asikie. Mlinzi akarudia: geti, kufuli, saa nne, mimi. Je, nilichukia? Nilifurahi! Nikasema moyoni, kumbe hawa watu wana adabu ya kwetu.

Kwa maana mimi nilikulia dirishani kwenye baraza lenu, Papa, hata kama ulikuwa unatufukuza. Mzee Kalinda na sukari yake, kesi moja anatoka nje mara tano kwenda kujisaidia. Akiinuka tu, wewe unanyanyua kiganja, na chumba chote kinanyamaza mpaka arudi. Unamkumbuka yule mwenye mbuzi aliyekatizwa katikati ya neno, akangoja kinywa wazi, nzi wanamzunguka, sisi tukifa kwa kicheko? Na siku mlipojisahau mkaendelea bila Mzee Kalinda, uliirudisha kesi mwanzo, pande zote mbili, watu wakiguna kwa njaa. Ulisema kwamba neno ambalo mwamuzi mmoja hakulisikia, halijasemwa. Mimi nilidhani ni sheria ya dunia nzima.

Ikafika zamu ya Mama Furaha. Amevaa kitenge chake cha Pasaka, kilemba kikubwa, huwezi kuona ukuta nyuma yake. Anaanza tu kueleza habari za ngoma, simu ya mzee wa kulia ikatetemeka, akaichukua, akatoka. Nikasubiri hakimu asimamishe. Hakusimamisha. Mama Furaha anaendelea, kiti kitupu, wakili niliyepewa na serikali anakuna sikio. Papa, mkono wangu uliinuka wenyewe! Nikasimama pale kizimbani, kiganja juu, nikasema kwa sauti yako kabisa, "Ngojeni mzee arudi!"

Mkalimani, maskini, akatafsiri neno kwa neno, jasho likimtoka. Hakimu akasema kwa ukali, "Hiki si kikao cha kijiji. Mwenzetu atatukuta mbele. Mshtakiwa aketi." Nikaketi. Wakili wangu akaninong'oneza kwamba nimejiharibia. Yule mzee alirudi Mama Furaha akiwa ameshashuka, naye anapangusa midomo kwa kitambaa. Nikangoja waseme arudie kama mlinzi alivyorudia. Wapi!

Siku ya hukumu, mzee wa kushoto, aliyemsikia Mama Furaha, aliniamini. Wa kulia hakuniamini. Hakimu akaegemea kulia, akasema mlinzi ni shahidi thabiti, maana amesema vilevile mara mbili. Miaka mitatu. Kwa hiyo, Papa, wale watatu wako hawakuwa watatu. Habari hiyo haikukufikia.

Nilikaa ndani mwaka mmoja na miezi miwili. Sitakuandikia yote, Maman asije akakosa usingizi kwa mambo yaliyokwisha. Sakafu ni baridi, na uji wao hauna chumvi, Maman angeusifu. Kilichoniuma zaidi ni Jumapili asubuhi. Nilikuwa napiga ngoma ukutani kwa vidole, polepole, mpaka mwenzangu Mzulu ananiambia, "Eish, Kongo, ukuta huo utaanguka." Halafu nakumbuka kwamba na wewe saa hiyo uko kanisani, unaomba kwa ajili ya watoto wako, na mimi unaniruka. Hapo vidole vinakoma.

Mungu hamtupi mja wake. Mama Furaha hakutulia. Alizunguka mtaa wa Berea mzima akiulizia wakili, akampata dada mmoja Mhindi, anaitwa Priya, mdogo wa umbo, anasoma huku anatembea mpaka siku moja nusura agongwe kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani. Priya akakata rufaa. Akaniambia shida ni moja: kesi zinarekodiwa kwa kanda, kisha zinapigwa chapa, lakini kanda haioni. Inasikia tu. Kiti kitupu hakina sauti. Serikali ingesema mzee alikuwepo muda wote, na nani angebisha?

Wiki mbili baadaye akaja na rundo la karatasi, uso umewaka.

"Faustin, ulijaribu kusimamisha kesi mahakamani?"

"Nilijaribu, kiganja juu."

"Nani alikufundisha?"

"Papa yangu ndivyo anavyofanya barazani kwa chifu."

Akapiga karatasi kwa kidole. Yote yalikuwa pale: maneno yangu, tafsiri ya mkalimani, na jibu la hakimu mwenyewe kwamba mwenzetu atatukuta mbele. Ametamka kwa kinywa chake kwamba mzee hayupo! Priya akasema, "Ukimwandikia papa yako, mwambie mkono wake uko ukurasa wa mia mbili na kumi na moja." Nilicheka mpaka askari akaja kuangalia.

Rufaa ilisikilizwa na majaji wawili. Mimi sikupelekwa, karatasi ndizo zilizosema. Lakini Mama Furaha alikwenda, kilemba kilekile, akaketi mbele. Priya alinisimulia baadaye. Jaji mmoja, mama wa makamo, alimuuliza wakili wa serikali, "Huyu mzee alimsikia shahidi wa kanisani?"

"Hapana, mheshimiwa, lakini angeweza kusoma maandishi."

"Basi kwa nini maneno ya mlinzi hakuyasoma? Kwa nini mlinzi alirudishwa akasema mara mbili, na huyu mama hakusikiwa hata mara moja na wote?"

Yule wakili akafungua faili lake, akalifunga, akalifungua tena. Mama Furaha Kiingereza chake ni cha sokoni, lakini anasema uso ule aliuelewa vizuri. Majaji wakafuta hukumu. Walisema mwamuzi asiyesikia upande mmoja hawezi kuamua kati ya pande mbili. Ni maneno yako, Papa, ila wao wana majoho. Serikali nayo ikasema haitaanzisha kesi upya, mlinzi ameshaacha kazi na ushahidi mwingine hawana. Matairi? Aliyeyaiba mpaka leo hajajulikana.

Jumanne nilipotoka getini, kwaya ilikuwa imekodi taxi nzima, yale mabasi madogo ya huku. Mama Furaha alinikumbatia, kisha akanisukuma kuniangalia. "Umekonda! Na bado neno moja linaniuma. Mimi iko shahidi mzima, nimevaa vizuri, na yule mtu anatoka kula!" Hiyo ndiyo hasira aliyobaki nayo. Tulirudi tukiimba njia nzima, dereva naye akapiga honi kwa mdundo. Kesho Jumapili ngoma ni yangu tena. Jumatatu naanza kazi kwenye ghala jingine hukohuko Clairwood, msimamizi wake ni msharika mwenzetu na anajua kila kitu.

Barua hii anakuletea kaka yake Mama Furaha anayerudi Bujumbura. Atavuka mpaka aingie Kongo, akupe mkononi. Ndani ya bahasha nimetia nakala ya hukumu ya rufaa na ule ukurasa wenye mkono wako.

Nisalimie dada Noela na mumewe fundi baiskeli, na mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie shangazi aliyeniombea kwa siri jikoni, Noela aliniambia, usimgombeze. Na kama Mzee Kalinda bado yuko, mwambie kibofu chake kimenitoa gerezani. Mketishe kwanza, asije akaanguka kwa kicheko.

Sasa Papa, nina ombi moja. Nakujua, barua hii umeifungua ukiwa peke yako, Maman yuko nyuma anaangalia chungu, na umeisoma kimyakimya mpaka hapa. Hiyo si sheria yako. Mwite aje aketi. Anza mwanzo, kwa sauti. Akiinuka kwenda kuangalia maharage, nyanyua kiganja na umngoje. Na ukifika kwenye jina langu, Papa, usiliruke.

Ni mimi mwanao,
Faustin