Saa ya Mama Isiyolia

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Kilnfield,
Prescot, Lancashire.
9 Novemba 1967

Mpendwa mdogo wangu Alwyn,

Pokea salamu kutoka kwenye ukungu wetu. U hali gani, na mkeo na watoto? Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Mama anakula kidogo, na macho ndiyo yamekwisha kabisa. Hatofautishi usiku na mchana.

Nakuandikia kuhusu saa yake ya mfukoni, ile ya dhahabu yenye rangi ngumu ya enameli ya buluu mgongoni. Unakumbuka ukibonyeza kichwa chake inagonga kengele kwa hesabu ya saa, ukajua ni saa ngapi bila kuitazama. Tangu ulipotutembelea kiangazi, haijalia hata mara moja.

Nikaipeleka kwa Bwana Entwistle, fundi wetu. Akaifungua, akanitazama kwa huruma. "Bi Hilda, hii haijalia tangu itengenezwe. Kengele yenyewe haimo." Dhahabu ni ya kweli, buluu ni ileile, lakini si saa ya Mama. Mtu kaibadilisha.

Basi nikamshuku kila mtu. Bi Tattersall anayetufulia nilimpekua mpaka kikapu. Akaniambia, "Ukimaliza hapo, kague na soksi zangu," na kazi akaacha. Hata mchungaji akija kumwombea Mama, mimi badala ya kufumba macho nilikuwa namchunga mikono. Aibu tupu.

Wewe hukunijia akilini. Kila jioni ulikuwa unamfutia Mama ile saa kwa leso yako, nami nikafurahi kwamba ana mtoto anayemjali.

Jumapili saa tisa alasiri ulipopiga simu kutoka huko Toronto, Mama alikuwa anakusikiliza, mara akatega sikio, akatabasamu. Simu ilipokatika akasema, "Kwa Alwyn saa hizi ni saa nne asubuhi." Nikamuuliza nani kamwambia. "Saa yangu. Kuna mtoto anaichezea huko."

Sijamwambia mtu, na maelezo yako siyataki. Nimeumia, Alwyn. Usiitume kwa posta, ilete mwenyewe umtie mkononi, angali anaweza kuibonyeza.

Msalimie Marguerite na watoto, hasa huyo mwenye vidole vitundu. Mungu awakinge na baridi ya Toronto.

Mama naye anakusalimu. Anasema saa yake haijapotea, iko nyuma kwa saa tano tu.

Dada yako, akupendaye bado,
Hilda