Bwawa Lisilo na Mashua

Gatongora, Ruiru
Jumapili, baada ya chakula

Baba,

Mulembe. Salamu ya kwanza ni yako, ya pili ni ya Mama, na umwambie asinune kwamba nimeanza na wewe. Huku sote tuko wazima. Kamau mkwe wako ni mzima, watoto wanakula mpaka nawaficha mkate, na baridi ya Ruiru imeniacha nikivaa sweta mbili hadi saa nne asubuhi. Na wewe je? Hiyo nyonga inasemaje? Usinijibu "niko sawa". Ulisema uko sawa hata siku ile walipokutoa kwa mashua wamekubeba kwa turubai.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikitaja hospitali unasema, "Ongea na mama yako," na mara namsikia Mama ananiuliza bei ya sukari huku. Barua huwezi kumpa Mama katikati. Na nitasema jambo lenyewe mapema, usije ukasoma ukitafuta nimelificha wapi. Nataka uje huku ufanyiwe mazoezi ya mguu. Kuna kliniki Thika yenye watu wa kazi hiyo, nimeenda mwenyewe nikaongea nao, na wamekubali kukupokea. Daktari aliyekuwekea chuma alisema nyonga ikikosa mazoezi itashika, na ikishashika haitaachia tena. Ulimsikia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo kando ya kitanda.

Ndugu yangu Wandera ameniambia kwamba siku hizi unakaa nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, umeligeuzia ziwa mgongo. Ananiambia yeye akirudi na mashua hutoki hata kuuliza wamepata nini. Baba, hiyo iliniuma kuliko habari ya kuanguka kwako. Nililia kwa choo cha kiwanda, nikanawa uso, nikarudi kwa mashine yangu, na supavaiza akaniuliza kama nina homa.

Lakini sikuandika ili tulie. Nina habari. Mimi navua samaki.

Haya, vua miwani, cheka, mwite Mama mcheke pamoja, kisha uendelee kusoma.

Nyuma ya Gatongora kuna shamba la kahawa, na ndani yake kuna bwawa. Usifikirie ziwa. Ni bwawa ambalo mtu wa ng'ambo ukimwomba chumvi anakusikia. Lakini lina samaki, Baba, samaki wa kweli. Kuna kambare, yule yule mumi wetu mwenye masharubu, na kuna mwingine wa kizungu anayeitwa bass, ana magamba ya kijani na mdomo mpana wa kubwata. Mwenye shamba amekataza mashua. Nafikiri anaogopa mtu azame aletewe kesi. Kwa hivyo kila anayevua huko anavua akiwa ukingoni, ameketi chini au kwa kiti chake, na ufito wake na ndoano yake. Kuna daktari anayekuja na gari kubwa, kuna fundi viatu wa hapa stendi, kuna mimi. Sote makalio yetu yako kwa nyasi.

Nilifika huko kwa sababu ya Kamau. Aliitwa kutengeneza pampu ya maji ya shamba, nami sikuwa na shifti siku hiyo, nikamfuata. Nikaona watu wanatupa ndoano. Mikono ikaanza kuniwasha. Mlinzi wa bwawa, mzee mmoja anaitwa Njoroge, akaniona nimekaza macho, akacheka, akaniazima ufito.

Sasa ona aibu niliyojitia. Ndoano haijatulia vizuri, bass akaimeza. Nikamvuta mpaka nyasini, mnono, anarukaruka. Nami nikafanya vile tunavyofanya nyumbani bila hata kufikiria: nikaokota jiwe, nikampiga la kichwa, pa! Nikamnyanyua juu niwaonyeshe watu. Yule daktari akafunika mdomo. Njoroge akaja mbio huku ameshika kofia.

"Haiya! Wewe mama, umefanya nini? Umeua samaki ya mdosi wa shamba!"

"Si nimevua?"

"Hiyo ni ya kurudisha! Bass unashika, unaangalia, unarudisha kwa maji. Kambare ndiyo unaenda nayo nyumbani."

Baba, nilidhani ananidanganya kwa sababu mimi ni mgeni. Mtu aamke alfajiri, abebe kiti, apigwe na jua, ashike samaki, amwangalie, kisha amrudishe? Nikamuuliza kama samaki mwenyewe anajua kwamba wanacheza tu. Wote wakacheka, hata daktari. Lakini sheria ni sheria. Njoroge akasema nisipolipa kosa langu nisionekane tena pale, na malipo yake ni kufyeka nyasi upande wa mashariki wa bwawa. Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani moja kwa moja na panga langu, nikafyeka mpaka pakawa kama uwanja wa shule. Sasa pale ndipo mahali pazuri kuliko pote kwenye lile bwawa. Ni tambarare, hapana utelezi, na mtu anaweza kuketi mguu wake ameunyoosha. Siwezi kukuficha kwamba nilipomaliza nilikaa hapo nikakuwaza wewe.

Tangu siku hiyo mimi na Njoroge ni marafiki. Mzee huyu ana kisa. Amechunga samaki tangu akiwa kijana na hajawahi kula hata mmoja. Anasema kwao wazee walisema samaki ni nyoka ya maji. Kamau naye alilelewa hivyo hivyo, unakumbuka vile alivyokaa mbele ya sahani ya Mama siku ya kwanza kuja kwetu, akijifanya anasali sala ndefu? Sasa huyo ndiye ananiuliza kila Jumamosi kama kesho naenda bwawani.

Nikueleze kuhusu yule mkubwa. Ni wiki mbili zilizopita. Niliweka ini la kuku kwa ndoano, Kamau akinung'unika kwamba samaki wa Ruiru wanakula vizuri kumshinda. Tukakaa. Jua likapanda. Mara mshipi ukaanza kwenda, polepole kwanza, halafu ufito ukataka kunitoka mikononi. Nikajua ni kambare, na si wa kuchezea. Akaelekea kwenye matete. Daktari akasimama, akaacha ndoano zake, akaanza kunipigia kelele, "Vuta mama! Vuta, anaingia kwa matete!" Na fundi viatu naye, "Vuta!" Kila mtu alikuwa anavuta, isipokuwa aliyeshika ufito.

Mimi nilikuwa nakusikia wewe. Ulipokuwa ukimleta mbuta mkubwa karibu na ufuo na vijana wako wanataka kumvuta kwa pupa, ulikuwa ukiwafokea mpaka sisi wa mchangani tunasikia: "Mpe! Mpe kwanza! Anataka kwenda, mwache aende, atachoka!" Nikampa mshipi. Daktari akashika kichwa. Nikamwambia, "Wewe nyamaza, babangu hayuko hapa lakini namsikia." Nikampa tena. Akaenda, akachoka, nikamrudisha kidogo, akaenda tena. Kitambaa kikaniangukia machoni, nikakitupa huko. Alipofika karibu tukaona kichwa chake. Kamau akasema, "Ngai!" na akaingia majini. Wanasema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini mkwe wako aliingia na nguo zake zote, viatu, simu mfukoni, na kuogelea hajui. Maji yalimfika kiunoni tu, bahati yake. Akamkumbatia yule kambare wakatoka wote wawili wamejaa matope. Urefu wake, akilazwa kando ya mtoto wetu mkubwa, hawapishani sana.

Tulimpika siku hiyo hiyo, na nyanya na dania, kama Mama. Nikampelekea Njoroge bakuli, nikijua atakataa. Alilizunguka lile bakuli muda mrefu. Mwisho akaonja mchuzi, halafu nyama, halafu akaniuliza, "Huyu mzee wako ndiye alikufundisha?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia babangu hakunifundisha, nilijifunza kwa kusikiliza nikiwa ufuoni.

Hapo ndipo nataka kukwambia jambo, na usikasirike. Nilipokuwa msichana nilikuomba uniruhusu kupanda mashua, hata mara moja. Ukasema mwanamke hapandi mashua ya kuvulia. Ilikuwa desturi, hukuitunga wewe. Lakini iliniuma sana, Baba. Wandera, mdogo wangu, aliingia nikimwona, na mimi nikabaki na beseni. Basi nikasimama pale mchangani miaka yote hiyo nikitazama maji, nikisikiliza unavyoongea na vijana wako, nikijua kwa sauti yako tu kama mmepata au mmekosa. Sikuwa nangoja tu. Nilikuwa navua na nyinyi, ila hamkuniona.

Sasa wewe pia mguu umekuweka nchi kavu. Najua ndiyo sababu hutaki kulitazama ziwa. Si maumivu. Ni kwamba mashua inaondoka na wewe hauko ndani. Mimi naijua hiyo, Baba, kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Mama haijui, Wandera haijui. Ungeniuliza mimi.

Najua pia utakayosema, maana nilikaa na wewe miaka ishirini kabla ya kuolewa. Utasema mwanaume aliyekuwa na mashua yake hawezi kukaa ukingoni na ndoano, hiyo ni kazi ya watoto wanaotafuta samaki wa kuchoma. Nyumbani, sawa. Hapa kila mwanaume yuko ukingoni. Hakuna mashua hata moja ya kukufanya ujione umebaki. Na pale nilipofyeka, kutoka kwa lango ni njia ya tambarare ya kutembea na mkongojo wako, na kutembea ndiko daktari wako anakotaka.

Utasema baba mkwe halali kwa mkwe wake. Umenilea, sijasahau adabu. Kamau mwenyewe nilipomwambia unaweza kuja alianza kunyata ndani ya nyumba kabla hata hujafika. Huwezi kulala kwetu na sikuombi ulale. Njoroge ana nyumba yake hapo langoni mwa shamba, mke wake alishafariki, watoto wanaishi Nairobi, na chumba cha mbele kiko wazi. Niliongea naye. Nilitarajia anizungushe. Akasema, "Mwambie mzee akuje. Mimi nimechunga hii samaki miaka yote na hakuna mtu wa kuniambia inafikiria nini." Nimeshapeleka kitanda, cha juu kidogo, ili usihangaike kuinuka. Chakula nitaleta mwenyewe asubuhi na jioni, na Kamau atakusalimia kutoka mbali kwa heshima zote.

Kwa hivyo sababu zako zote nimezimaliza, imebaki moja, kwamba hutaki. Hiyo siwezi kuijibu. Naweza tu kukwambia kwamba naogopa. Naogopa kurudi Krismasi nikute ule mguu umeshashika, na wewe umeshazoea ule ukuta wa jikoni. Wewe ulitufundisha sote kutazama maji. Sijui nyumba ile itakuwaje ukiacha.

Nisalimie Mama, na umwambie viazi vitamu alivyotuma vilifika vyote isipokuwa vile mletaji alivyokula njiani. Msalimie Wandera na mke wake, na umwambie Wandera kambare wangu alikuwa mkubwa kuliko wa kwake wa mwaka jana, bishaneni wenyewe. Msalimie Shangazi wa omena pale sokoni na mchungaji wetu, aendelee kukuombea, lakini mwambie pia kwamba mazoezi siyo dhambi. Mjukuu wako mdogo, huyu aliyebeba jina lako kama desturi ya kina Kamau inavyotaka, anakusalimia sana. Ameanza kutembea na anaanguka kila baada ya hatua chache, na kila akianguka anamfokea aliye karibu. Kamau anasema jina limefanya kazi.

Nimeomba ruhusa kazini. Ijumaa nitapanda gari la usiku na Jumamosi asubuhi nitakuwa hapo mlangoni kukuchukua. Usiniandikie jibu, na usimwambie Mama aseme umelala. Sitakuuliza kitu mbele ya watu, na wewe huna haja ya kusema ndiyo. Najua neno hilo linakupa shida. Nikifika nikukute umevaa viatu, basi, inatosha.

Ni mimi binti yako,
Nabwire