Kaburi la Baba Yako Litajengwa Januari

Mwanangu Ipyana,

Huku Uyole hatujambo, viazi vimekubali. Kanisani wote wanajua mwanangu yuko Dubai, ambako mshahara mnono haukatwi kodi. Jirani yetu Mama Anyitike amenuna kwa wivu.

Umesema siku zako za kukaa nyumbani mwaka huu zilikwisha ulipomuuguza marehemu baba yako, na ukirudi utahesabiwa mkazi, utozwe kodi huku. Nimeelewa.

Baba zako wadogo walitaka tujengee kaburi Oktoba. Wakanicheka, "Shemeji, marehemu naye anasubiri mambo ya kodi?"

Nikawaambia, "Anasubiri mtoto wake wa kwanza aweke tofali."

Basi ni Januari, siku zako zikianza upya. Mvua ya hapa unaijua inavyoharibu saruji, lakini njoo. Turubai nitalishika mwenyewe mpaka ikauke.

Ni mimi mama yako,
Tumpale