Maneno ya Pindoni

Nakasero, Kampala, 1972

Kwako dada Mwanawetu, huko Mombasa,

Sisi sote wazima. Serikali ilipopiga marufuku nguo fupi, gauni zangu zote zilidoda. Nikakata kanga ulizoniletea, nikaziongezea gauni pindo lenye maneno, kila mteja ajichagulie yake. Sasa wake za polisi wa Nsambya wanapanga foleni hadi barabarani.

Sikukuandikia kwamba mume wangu Mahmoud alikamatwa. Mke wa ofisa mmoja wa polisi, Mama Atim, nilimchagulia mwenyewe: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akasoma, akauliza, "Mwenyeji anaumwa nini, mama?" Nikamweleza.

Jana gari lake lilisimama mlangoni. Alishuka yeye, kisha akashuka Mahmoud, amekonda. Leo anakata pindo hapa mbele yangu.

Kanga zimekwisha, dada. Tuma nyingine, hata zenye maneno makali.

Mdogo wako,
Kulthum