Isale Lililokosea Nyumba

Pasua, Moshi

Dada yangu mpendwa Gladness,

Nakuomba kabla ya yote ufunge mlango, na ukimaliza kusoma uichome barua hii jikoni. Usimwambie mtu hata neno moja lililomo humu. Shemeji naye usimwambie, kwa maana najua yeye na baba mdogo Jackson hupigiana simu, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kukupigia. Violet anayekuletea hajui kitu. Nimemwambia ni mambo ya harusi.

Shikamoo dada. Hamjambo hapo Dodoma? Mtoto amepona kile kikohozi? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila mlango ukigongwa nashtuka mpaka namwaga chai. Huku mvua zimeanza, na ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike. Ukimsikia Mama ana furaha kwenye simu, ujue ni ya ndama tu.

Bila shaka umesikia nilipanda mlima. Unakumbuka nilivyokuwa nikikaa pale kwenye ofisi ya utalii nikiwaandikia wageni sifa za bonde la Barranco, wakati hata geti la Machame, lisilo mbali na kwetu Masama, nilikuwa sijawahi kulipita. Mgeni mmoja aliniuliza kwenye simu kama maua ya huko yananukia, nikajifanya simu imekatika. Bosi alisikia, akacheka, akaniingiza kwenye msafara uliokuwa unaongozwa na baba mdogo, nikaone ninachokiuza. Nilifurahi mno. Baba mdogo ndiye aliyenitafutia ile kazi, nikaona nitakuwa mikononi mwa mzazi.

Dada, sisi tumezaliwa chini ya mlima ule na hatuujui. Msituni miti imevaa ndevu za ukungu, maji yanadondoka hata pasipo na mvua. Ukipanda zaidi miti inaisha, unatembea juu ya mawe meusi huku mawingu yako chini yako. Halafu unateremkia Barranco. Kuna kijito, na kando yake imesimama mimea mirefu kupita mtu, yenye vichwa vya majani kama kabichi. Mpagazi mmoja aliyeitwa Yakobo alisema mama yake, anayeuza mboga sokoni Kwa Sadala, angeipata moja tu angefunga biashara akapumzike. Huyo Yakobo ndiye aliyenibebea begi. Aliniita Mama Risiti, kwa vile mimi ni mtu wa ofisini. Kila nikisimama kuhema aliniuliza kama naomba likizo ya ugonjwa au ya uzazi, na wenzake wanaangua kicheko. Niliyainamia maua ya pale kijitoni nikayanusa. Hayanukii, ila nilifurahi kuyajua mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Yakobo hakutania. Nilikuwa kijitoni najaza chupa, yeye na baba mdogo walikuwa nyuma ya jiwe, hawakuniona. Yakobo alikuwa anakohoa kama mtu aliyejaa maji kifuani. Alimwambia baba mdogo kwamba kichwa kinapasuka, miguu haimtii, anaomba mtu wa kumshusha. Baba mdogo alimjibu kwamba hana mtu wa ziada, wageni wanataka kuupanda ukuta wa mawe ulio mbele ya kambi kabla ya misafara mingine, kwa hiyo autue mzigo ashuke mwenyewe, njia anaijua. Nilitoka pale nilipokuwa. Nilimwambia baba mdogo kwamba hata mimi wa ofisini najua mtu aliyezidiwa na mlima hashuki peke yake, na kwamba mimi nitashuka naye. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeingilia maongezi ya wakubwa. Alisema mimi ni karani, nikasome kompyuta yangu, na tena kama nikipotea bondeni atamwambia nini kaka yake. Yakobo mwenyewe aliniambia niende tu, akifika chini atatupigia simu. Alijaribu kucheka.

Walimkuta wapagazi wa kampuni nyingine, amelala chini ya ile mimea, amekwisha kufa.

Tuliposhuka, baba mdogo alitukusanya getini akasema kauli ni moja: Yakobo alificha ugonjwa, akatoroka kambini bila ruhusa. Wapagazi waliinamisha vichwa. Wana watoto na bado wanautegemea mlima, siwalaumu. Mama yake aliambiwa hivyo hivyo siku ya mazishi, mbele ya majirani, kwamba mwanawe alitoroka kazi. Nilikuwepo. Nilimwona anavyotafuta mahali pa kuweka macho.

Nilimwambia baba mdogo kwamba nikiulizwa sitasema alitoroka. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Jumapili Baba aliniita nyumbani. Nikakuta sebuleni baba mdogo amekaa na wazee wawili wa ukoo, Mama amepika mtori kama wa sikukuu. Baba mdogo alisimama akanyoosha mikono yote miwili. Ameshika jani la isale.

Wewe unajua maana yake, hatukufundishwa na mtu, tulikua tunaona. Jani lile likiletwa kwako umekwisha kusamehe, hata aliyekuletea awe amekuunguzia nyumba. Na hapa mtu mzima, baba yetu mdogo, anamletea mtoto wa kaka yake. Alisema nimsamehe kwa yote niliyoyaona mlimani, na jambo liishe hapo hapo ndani ya ukoo. Baba alinihimiza nipokee, akasema hajawahi kuona katika ukoo wetu isale likikauka mkononi mwa aliyelileta.

Niliweka mikono nyuma, dada. Nilimwamkia, kisha nikamwambia kwamba nyumba amekosea, mimi hakunikosea kitu. Isale lile ni la Kwa Sadala, kwa mama yake Yakobo, na yeye akilipokea mimi nitafurahi. Baba mdogo alisema kulipeleka huko ni sawa na kutangaza kwamba amemuua mtoto wa watu. Nikamwambia ndiyo. Mzee mmoja aliuliza kama shule ndiyo iliyonifundisha kuwajibu wakubwa hivyo. Nikamjibu shikamoo, nikachukua viatu vyangu mlangoni. Baba alinifuata hadi kwenye migomba akaniambia nisirudi nyumbani mpaka nitakapolipokea. Mama alikuwa jikoni, nilisikia anavyolia.

Sasa ninalokuomba ulifiche ni hili. Walipoleta lile jani walikuwa wamechelewa. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimekwenda kwa wakaguzi wa hifadhi, nikaeleza kila nilichosikia kijitoni, nikataja jina la baba mdogo na langu. Nimeitwa kikaoni Jumatatu ijayo nirudie hayo mbele yake. Baba hajui. Akijua atakuja kunichukua kabla ya siku hiyo. Kazi nimeshaiaga, na chumba alichonitafutia baba mdogo nimekihama. Naogopa usiku na mchana, lakini sitabadilisha neno. Mama wa watu ameambiwa uongo juu ya mwanawe, na wanaojua ni mimi na watu walioinamisha vichwa.

Nisalimie watoto, waambie mama mdogo anawapenda. Shemeji mpe salamu za kawaida tu.

Kama utaniunga mkono, njoo kabla ya Jumatatu. Kama umetumwa kunibembeleza, baki Dodoma, nitakupenda huko huko. Ukifika stendi usinipigie, laini nimeitoa. Njoo Pasua, uliza kwa Mektrida anayeshona sare za shule, useme umeleta kitambaa. Usitaje jina langu. Atakupitisha uani, kwenye mlango wa bati la bluu. Gonga, na useme ni wewe kwa sauti yako mwenyewe, maana nisipoisikia sauti yako sifungui, hata kama anayelia nje ni Baba.

Mdogo wako akupendaye,
Elifuraha