Milia ya Kamba Mgongoni Mwako

Dada yangu Zuhura,

Unakikumbuka kitanda chetu cha kamba pale Kibokoni? Kila asubuhi tulifunua migongo tukishindana nani kachorwa milia mingi. Wewe ndiwe uliyeshinda siku zote, maana ulilala kama gogo, nami nikihangaika mpaka kucha. Mama alitukemea tukaoge, tukazidi kucheka.

Milia hiyo ndiyo niliyoiona tulipokulaza ubaoni kukuosha. Walikukuta asubuhi kisimani kwa mumeo, umeelea kifudifudi, naye akaapa kuwa ulitoka alfajiri ukajitupa. Askari akaandika hivyo hivyo. Tulipokugeuza ubavu, mgongo ulikuwa umevilia damu, na ndani ya wekundu ule kamba za kitanda zimejichora nyeupe, safu kwa safu. Bibi mwosha akaninong'oneza, "Damu ya maiti hushukia alikolalia, mwanangu. Huyu kalala chali saa nyingi baada ya roho kutoka." Kisha akaendelea kumimina maji.

Mimi nilitoka nikadai aitwe daktari kwanza. Ami alikuwa barazani, jeneza tayari.

"Twataka kuzika kabla ya adhuhuri," akasema. "Wataka daktari wa kizungu ampasue nduguyo?"

"Hazikwi akiitwa kajiua, Ami," nikamjibu, nikakaa kizingitini. "Mwenye kutaka kupita na anikanyage."

Hakupita mtu. Daktari wa serikali hakukuta maji mapafuni mwako. Kooni alikuta kifupa kimevunjika. Akaandika kwamba ulikabwa roho, na kwamba ni mkono wa mtu mwingine, si wako. Mumeo yumo rumande.

Ami hanisalimu mpaka leo. Wanawake wanasema nimekudhalilisha kwa kisu, na waseme. Niliuona mshono ule kifuani mwako nikaulilia, bado naulilia, lakini sijuti. Ninalojutia ni siku ile uliyokuja umejifunika shingo, ukasema umeungua mafuta, nami nikakuamini.

Juzi wakweo walikuja kumtaka mwanao. Walileta mfuko mzima wa mchele, na siku hizi za vita wajua mchele unavyopatikana. Niliwarudishia mfuko wao nikafunga mlango. Wakitaka, na waende kwa kadhi, nitawakuta huko.

Mwanao analala kwenye kitanda chetu kile kile, upande wako, wa ukutani. Leo asubuhi alinigeuzia mgongo akauliza nani kashinda. Nikamwambia, mama yako.

Pumzika, dada. Huku nipo mimi.

Mdogo wako, niliyekuosha