Baba, Huku Nako Kuna Meli za Ziwani

Champlin, Minnesota
Oktoba 2013

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Mama naye nampa shikamoo yake. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na kwamba umepatana na jirani kuhusu ile redio unayoifungulia sauti hadi mwisho. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inaanza kunitafuta. Ningekupigia simu, lakini masikio yako uliyaacha kwenye chumba cha mitambo melini, nami nikipiga kelele wapangaji wa juu wanagonga sakafu.

Kaka Deo ameniambia umekataa tena kuja. Eti hupandi chombo ambacho kikiharibika huwezi kushuka ukaogelea. Unajua mimi siwezi kutoka huku mpaka karatasi zangu zikamilike. Basi soma kwanza habari hii, halafu ukatae.

Mzee ninayemhudumia sasa anaitwa Harold, anaishi peke yake kule Inver Grove Heights. Ana miaka tisini na moja, na mdomo wake hauna breki. Wahudumu walionitangulia walikimbia, nami wiki ya kwanza alinifukuza jikoni. Siku moja mashine ya kufulia ikaanza kulia vibaya. Bila kufikiri nikaibandika kiganja ubavuni kama ulivyonifundisha, nikasema beringi inachemka. Mzee akanikodolea macho.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Baba yangu. Alikuwa fundi wa mitambo ya mvuke kwenye meli za Ziwa Victoria."

Tangu hapo sina raha, ni hadithi kutwa! Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali yao iliagiza meli zijengwe harakaharaka, za kubeba mawe ya chuma katika maziwa ya huku hadi kwenye viwanda vya kuyeyushia, vipatikane vifaru na mizinga. Ni ndefu, Baba, ukisimama mbele humtambui mtu aliye nyuma. Harold alikuwa mtia mafuta humo. Mtambo unazunguka, naye anapeleka mkono sambamba na chuma, juu na chini, apapase beringi kama ina joto, asikatwe vidole. Akanionyesha pale mezani. Nilicheka sana, maana alikuwa wewe mtupu, unavyotuonyesha kila Krismasi mpaka Mama anaondoa glasi.

Meli moja kati ya hizo bado inafanya kazi, akatamani kuiona. Wanjiru, Mkenya ninayeishi naye, ndiye mwenye gari. "Nita-drive mimi," akasema, "lakini huyo mzee asiniletee jeuri kwa gari yangu." Akaleta jeuri njia nzima hadi Duluth.

Meli ikaingia kwenye mfereji wa bandari, karibu nasi kabisa, ikapiga honi. Mimi huyo, vigelegele! Wazungu wote wakageuka, Wanjiru akajifanya hanijui. Harold yeye alikuwa amefura kwa hasira. "Dizeli!" Kumbe ule mtambo wa mvuke waling'oa zamani. Alinuna mpaka tulipomnunulia supu ya samaki.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza kama baba yangu yu hai. Nikamwambia yu hai, ila hataki kuja.

"Wenzangu wa mtambo wamekufa wote," akasema. "Nikisimulia, watu wanaitikia kwa adabu tu. Mwambie aje."

Naye hasikii vizuri, Baba, kwa hiyo mtaongea kwa mikono. Ziwa likiganda meli zinalala, zinaanza tena barafu ikiyeyuka, mwezi wa tatu hivi. Amesema atakungoja. Lakini umri wake nimeshakutajia.

Msalimie shangazi muuza dagaa wa Kirumba, Deo na wifi yangu, na yule fundi cherehani jirani aliyenishonea gauni la safari.

Usidhani ninamhangaikia mzee wa watu tu. Miaka sita sijakuona. Siku ile mkono wake ulipokuwa ukipanda na kushuka, nilipomaliza kucheka nilienda chooni nikalia. Sitaki kukuona katika mikono ya mtu mwingine, Baba. Panda hiyo ndege.

Ni mimi binti yako,
Neema